Kuhamisha Tovuti Kutoka Paneli Moja Hadi Nyingine: Hesabu Kwanza Usivyoviona

Tuchukue mfano wa duka la leso la Biashara Street, Mombasa. Lina tovuti ya kawaida iliyojengwa kwa WordPress: picha mia sita za leso, kila leso na jina lake, kikapu cha manunuzi, kitufe cha kulipa kwa M-Pesa, na anwani tatu za barua pepe. Usiku mmoja fundi anaihamisha kutoka seva yenye cPanel hadi seva mpya yenye DirectAdmin. Asubuhi ukurasa wa mbele unafunguka upesi kuliko zamani, na mwenye duka anatuma ujumbe wa shukrani.

Saa nne asubuhi mambo yanaanza. Mteja wa Nakuru anaweka PIN, pesa zinatoka kwenye simu yake, lakini ukurasa unaendelea kumwambia kwamba malipo yanasubiriwa. Kwenye maelezo ya leso mpya, neno “ng’ara” limegeuka kuwa “ngâ€™ara”. Anwani ya info, ambayo kila siku hupokea maulizo kumi au zaidi, iko kimya tangu jana. Fundi anarudi kwenye seva na kukagua. Mafaili yote yapo, na hakuna hata moja lililopotea njiani.

Duka hili ni la mfano, lakini kasoro zote tatu ni za kweli, na kila fundi aliyehamisha tovuti kadhaa amekutana nazo. Zina asili moja. Paneli ya kudhibiti huwa kama msimamizi wa nyumba aliyekaa miaka mingi: anajua funguo ziko wapi, anafunga mabomba usiku, anapokea wageni, na hakuna siku aliyomweleza mwenye nyumba yote anayoyafanya. Ukihama bila yeye, unabeba vyombo vyote na bado nyumba mpya inavuja. Kazi ngumu katika kuhamisha tovuti ni kuorodhesha yale ambayo paneli ya zamani ilikuwa ikiyafanya kimyakimya. Kubeba mafaili ndiyo sehemu nyepesi.

Kwa nini watu wanahama

cPanel ilianza mwaka 1996, kazi ya kijana Mmarekani John Nick Koston. Ilienea mno, hata leo wateja wengi huita kila paneli “cPanel”, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Kwa muda mrefu leseni yake ililipiwa kwa seva: seva moja, bei moja, uweke akaunti kumi au mia tano. Agosti 2018 kampuni hiyo ilinunuliwa na Oakley Capital, wawekezaji ambao tayari walikuwa wamenunua Plesk, mshindani wake mkubwa. Juni 2019 likatoka tangazo kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba mwaka huo leseni ingehesabiwa kwa idadi ya akaunti. Tangu hapo bei imepanda mara kadhaa.

Mabadiliko hayo yalimbana zaidi fundi mdogo. Yule mwenye seva moja na wateja mia na hamsini, wakiwamo shule, kanisa, msikiti, chama cha ushirika na duka la vipuri, kila mmoja akilipa kidogo kwa mwaka, alijikuta kila mteja mpya anamwongezea gharama ya leseni. Kwa huyo, DirectAdmin, au paneli zisizo na leseni ya kulipia kama HestiaCP, ISPConfig na Virtualmin, zikawa jambo la kufikiria kwa uzito.

Sababu ya pili ni mfumo wenyewe wa seva. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8 ingeachwa kuhudumiwa mwisho wa 2021, miaka mingi kabla ya muda uliotarajiwa. CentOS 7 nayo ilifika kikomo tarehe 30 Juni 2024. Seva nyingi za tovuti zilikuwa zimekalia mifumo hiyo miwili. Wengine walihamia AlmaLinux au Rocky Linux, wengine Ubuntu au Debian, na wengi waliona kwamba kama kuhama ni lazima, basi wabadilishe na paneli papo hapo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. cPanel haina njia ya kuiondoa kwenye seva. Maelekezo yake yenyewe yanasema ukitaka iondoke, fomati seva na usakinishe mfumo upya. Paneli nyingine nazo hutaka seva safi ndipo zisakinishwe. Kwa hiyo kubadili paneli ni kubadili seva, na hiyo ni heri kubwa. Seva ya zamani inabaki hai ikihudumia wateja huku wewe ukijaribu na kukosea kwenye ile mpya. Usikubali kuipoteza heri hiyo kwa kuokoa kodi ya mwezi mmoja.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kugusa chochote, fungua daftari na uandike: domeni zote na vijina vilivyo chini yake; hifadhidata na watumiaji wake; akaunti za barua pepe pamoja na zile zinazoelekezwa kwingine; kazi za ratiba, yaani kroni; toleo la PHP na viongezo vyake; vyeti vya SSL; rekodi zote za DNS; anwani za IP zilizoruhusiwa kwenye ukuta wa usalama; na kila huduma ya nje inayoitambua seva kwa anwani yake ya IP. Orodha hii huchukua nusu siku, nayo huokoa wiki nzima.

Paneli mpya nyingi hujitangaza kwamba zinaweza kuingiza nakala za cPanel. Ni kweli. DirectAdmin husoma faili la nakala ya cPanel na kulifungua, na Plesk ina programu yake ya kuhamisha akaunti kutoka paneli nyingine. Zana hizi ni nzuri, zitumie. Ila hubeba kile kilichomo ndani ya akaunti. Kilichowekwa kwenye kiwango cha seva, kama ruhusa za ukuta wa usalama, ukomo wa ukubwa wa faili la kupakia, au kiongezo cha PHP alichowasha fundi wa zamani miaka mitatu iliyopita, hakimo ndani ya faili hilo.

Jambo jingine ni njia ya kusafirishia. Tovuti nyingi za Afrika Mashariki zinakaa kwenye seva za Ulaya au Marekani. Fundi anayepakua nakala ya GB 20 kwenye kompyuta yake kisha kuipandisha upya kwa laini ya Mbps 5 atasubiri takriban saa tisa kuipandisha tu, kama laini haikatiki. Nayo hukatika: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ya nchi zetu kadhaa ikazorota kwa siku kadhaa. Acha seva mbili zipelekeane zenyewe kwa rsync. Mzigo huo huo utavuka kwa dakika chache, na ukikatika utaendelea pale ulipoishia.

Mafaili na hifadhidata

Kila paneli ina mahali pake pa kuweka tovuti. cPanel huiweka kwenye /home/jina/public_html. DirectAdmin huiweka kwenye /home/jina/domains/domeni/public_html. Plesk hutumia /var/www/vhosts/domeni/httpdocs. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba programu nyingi zimeandika njia ya zamani ndani ya mipangilio yao.

WordPress ina mtego wake hapa. Mipangilio mingi huhifadhiwa kwenye hifadhidata pamoja na idadi ya herufi zake. Njia /home/leso/public_html itaandikwa na alama s:22 mbele yake, kwa kuwa ina herufi 22. Fundi mwenye haraka hufungua faili la hifadhidata, akabadilisha njia ya zamani kwa mpya kote, akaridhika. Njia mpya sasa ni ndefu zaidi, lakini namba bado inasema 22. WordPress ikisoma inakuta hesabu haitimii na kuutupa mpangilio wote. Menyu zinapotea, mwonekano unavurugika, na hakuna ujumbe wa kosa unaoeleza sababu. Dawa yake ni amri ya search-replace ya WP-CLI, ambayo hurekebisha maneno pamoja na hesabu.

Ile “ngâ€™ara” ya duka letu inatoka kwenye mlango wa jirani. Alama ya ritifaa iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe tunapoandika ng’ombe au ng’ambo, huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8. Hifadhidata ya zamani ikitangazwa kuwa latin1 wakati data iliyomo ni UTF-8, uhamishaji utazisoma baiti hizo kama herufi tatu tofauti, na kila moja itaandikwa peke yake. Waandishi wa Kiswahili tunaamini lugha yetu haina herufi za kusumbua kompyuta. Sauti ya ng’ inatukumbusha vinginevyo. Kabla ya kuhamisha, tafuta ukurasa mmoja wenye ng’ iliyopinda na uuandike kwenye daftari. Baada ya kuhamisha, uufungue kabla ya kurasa zote.

Toleo la PHP nalo lina sauti. PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, iliondoa amri za zamani za kuzungumza na MySQL, na tovuti zilizoandikwa kwa mkono kabla ya hapo hazitaamka kwenye seva mpya. PHP 7.4 iliachwa kuhudumiwa Novemba 2022, kwa hiyo paneli mpya huenda isiiwashe mpaka uiombe. Sheria yangu ni moja: usihame na kuboresha siku moja. Sakinisha kwenye seva mpya toleo lile lile lililokuwapo, hamisha, hakikisha, kisha panda ngazi wiki nyingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa mkupuo, kosa likitokea utakuwa na washukiwa watano.

Hivyo hivyo kwa programu ya kuhudumia kurasa. Apache husoma faili la .htaccess lililo ndani ya folda, na humo ndimo fundi wa zamani aliweka maelekezo ya kurasa, vizuizi, hata ulinzi wa folda za siri. Nginx hailisomi kabisa. Mtu akihamia mpangilio wa Nginx pekee bila kutafsiri maelekezo hayo, kurasa za ndani hutoa kosa la 404, na kibaya zaidi folda iliyokuwa imefungwa hubaki wazi kwa dunia nzima bila mtu kujua.

Barua pepe

Tovuti ikianguka, wateja watakupigia simu. Barua pepe ikipotea, hakuna atakayepiga, maana aliyeituma anadhani umeipata. Ndiyo maana nasema barua pepe ndiyo sehemu ya hatari zaidi katika uhamishaji wote.

Kuna mtego mmoja ambao haumo katika maelekezo mengi. Ukiunda domeni kwenye paneli mpya, paneli huamini kwamba barua pepe za domeni hiyo ni zake. Sasa kwa kuwa duka la leso linatumia barua pepe za Google, fomu ya maulizo kwenye tovuti itatuma ujumbe kwa info, seva itautazama na kusema “huyu ni wa hapa nyumbani”, kisha itauweka kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua, au kuukataa. Ujumbe hautoki nje ya seva. Ndiyo maana anwani ya info ilikuwa kimya. Dawa ni kuiambia paneli waziwazi kwamba barua za domeni hii zinapokelewa kwingine.

Mtego huo huo una upande wa pili. Ukihamisha barua pepe zako na kuacha akaunti kwenye seva ya zamani, jirani yako aliye kwenye seva hiyo hiyo akikuandikia, ujumbe utaishia kwenye sanduku lako la zamani. Ulimwengu wote unajua umehama, isipokuwa seva uliyohama.

Kuhamisha barua zenyewe ni rahisi kwa zana ya imapsync, ambayo hunakili folda kwa folda na inaweza kurudiwa bila kuzalisha nakala mbili. Irudie siku mbili baada ya kuhama, ili kuokota barua zilizochelewa. Kisha andika upya rekodi ya SPF kwa anwani mpya ya IP, weka ufunguo mpya wa DKIM uliotengenezwa na paneli mpya, na umwombe mwenye seva aweke jina kwenye rekodi ya PTR. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi, na hata mtumaji mdogo asiye na rekodi hizi huweza kuishia kwenye kapu la taka.

Saa ya kuhama

Kila rekodi ya DNS ina muda wake wa kukumbukwa. Kwenye cPanel muda wa kawaida ni sekunde 14,400, yaani saa nne. Ukibadilisha anwani ya IP sasa hivi, kuna watu watakaoendelea kwenda seva ya zamani kwa saa nne zijazo. Siku moja au mbili kabla, punguza muda huo hadi sekunde 300. Hapo kuhama kutachukua dakika, na ukikosea kurudi nako kutachukua dakika.

Zile “saa 48” tunazoambiwa tusubiri zina chanzo chake: kwa domeni za .com, rekodi za seva za majina hukumbukwa kwa sekunde 172,800, ambazo ni siku mbili kamili. Huwezi kuupunguza muda huo. Kwa hiyo kama DNS yako inaishi ndani ya paneli ya zamani, ihamishe kwanza peke yake, wiki moja au mbili kabla, uiweke kwa mtoa huduma ya DNS asiyehusiana na seva yoyote kati ya hizo mbili. Siku ya kuhama tovuti utabadilisha mstari mmoja tu.

Kabla ya kubadilisha mstari huo, jaribu. Andika anwani mpya kwenye faili la hosts la kompyuta yako. Kivinjari chako pekee kitaiona tovuti kwenye seva mpya huku dunia ikiendelea na ya zamani. Zunguka kila pembe: ingia, tafuta, weka kikapuni, tuma fomu, pakia picha.

Kuhusu cheti cha SSL, vyeti vya Let’s Encrypt kwa kawaida hutolewa baada ya kuthibitisha kwamba domeni inaelekea kwenye seva inayoomba. Kabla ya kuhama, haielekei. Nakili cheti cha zamani pamoja na ufunguo wake, au tumia uthibitisho wa DNS. Usiache pengo.

Pengo la namna hiyo huenda ndilo lililomnasa mteja wetu wa Nakuru. Katika malipo ya M-Pesa, baada ya mteja kuweka PIN, mfumo wa Safaricom hutuma jibu kwenye anwani ya tovuti kuthibitisha kwamba pesa zimeingia. Jibu hilo likikuta cheti hakijawa tayari, au ukuta wa usalama wa seva mpya usioijua anwani ya Safaricom, au likifika seva ya zamani kwa sababu ya kumbukumbu ya DNS, pesa zimelipwa na oda haijui. Kwa duka linalopokea pesa, funga malipo kwa saa moja au mbili, saa nane usiku, weka tangazo la heshima, fanya unakili wa mwisho wa hifadhidata, geuza DNS, kisha fungua. Usiku huo huo lipa shilingi kumi kwa simu yako mwenyewe uone kama oda inajibu.

Na tukizungumzia saa: seva mpya nyingi huja zikiwa kwenye saa ya UTC, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Kazi ya kroni iliyopangwa kuchukua nakala saa nane usiku itaamka saa kumi na moja alfajiri, na oda za usiku zitaandikwa tarehe ya jana. Mhasibu ataliona kabla ya fundi.

Paneli ipi, basi?

Fundi mwenye wateja wengi waliozoea cPanel atapima gharama ya leseni dhidi ya gharama ya kuwafundisha upya. DirectAdmin ni nyepesi kwenye seva ndogo na inasoma nakala za cPanel, hivyo kwake ndiyo hatua fupi zaidi. Plesk inafaa wenye seva za Windows au tovuti chache kubwa. HestiaCP na Virtualmin zinamfaa anayeweza kufungua terminali bila woga.

Jambo la kupima kwa makini kuliko rangi na vitufe ni kasi ya kuziba mianya. Paneli ina funguo za seva nzima, kwa hiyo ikivunjwa, tovuti zote zimevunjwa. Oktoba 2024 udhaifu katika CyberPanel uliacha takriban seva 22,000 wazi, na wadukuzi walizishambulia kwa programu ya kudai fidia iitwayo PSAUX. Usiweke paneli usiyokuwa tayari kuisasisha, na mlango wake wa kuingilia uufunge kwa kila anwani isipokuwa yako.

Nakala rudufu nazo zisiishi nyumba moja na tovuti. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na kuna wateja waliogundua kwamba nakala zao zilikuwa humo humo. Nakala isiyowahi kurejeshwa kwa majaribio bado ni matumaini tu. Na tazama: kuhamisha tovuti kwa mafanikio ni jaribio kamili la nakala yako. Mwenye daftari zuri la kuhama ana pia mpango mzuri wa siku ya moto.

Mwenye tovuti unayesoma haya, huenda hutaigusa paneli maisha yako yote, na si lazima. Lakini kuna kitu kimoja usichokiona ambacho hakuna fundi anayeweza kukuhamishia: umiliki wa domeni. Domeni nyingi za biashara zetu zimesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi aliyetengeneza tovuti. Siku mkikosana, au akihama mji, au akifariki, seva mpya na paneli mpya havitakusaidia kitu, kwa kuwa mlango wenyewe si wako. Mpigie leo, kwa heshima, umwombe usajili uwe kwa jina lako na barua pepe yako. Kisha uandike hilo kwenye mstari wa kwanza wa daftari.